Saa kumi jioni, na nyavu zilizokwisha kuoshwa

Watu wawili walianza kusoma kwa pamoja, na kila mmoja akasoma jambo lake.

Ilikuwa Jumamosi, ibada ya jumuiya, nyumbani kwa jirani yetu hapa Mwanza. Kiongozi alisema tu, "Tusome pale Yesu anapowaita wanafunzi wa kwanza." Hakutaja kitabu wala sura. Mama mmoja akafungua Marko na kuanza na Bahari ya Galilaya. Papo hapo kijana wa kidato cha pili, aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akaanza na Yohana Mbatizaji amesimama na wanafunzi wake wawili. Wakasita wote wawili.

"Endelea, mama," kijana akasema.

Mama akamaliza. Kijana naye akaomba asome ya kwake mpaka mwisho, tukamsikiliza. Katika ile aliyosoma hakuna mtumbwi wala nyavu, na ziwa halionekani kabisa. Kuna watu wawili wanaomfuata Yesu nyuma nyuma, naye anageuka na kuwauliza, "Mnatafuta nini?"

Kijana akafunga Biblia, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. "Mwalimu, Petro aliitwa wapi hasa?"

Mimi ndiye ninayewafundisha shule ya Jumapili, na jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia kwamba kwanza walifahamiana kule Yordani, kama Yohana anavyosimulia. Kisha wakarudi kwenye uvuvi wao. Baadaye Yesu akapita ziwani, akawaita moja kwa moja. Luka nikampachika hapo katikati. Watu wakaitikia amina.

Kijana hakuitikia. Alisema polepole, kama anayejisemea, "Kwa hiyo Marko alitufichia?"

Chai ikaletwa. Wakati vikombe vinapitishwa, mzee mmoja aliyevua samaki ziwani maisha yake yote aliuliza la kwake kwa sauti ya chini, nami sikulipa uzito: "Na huyu Zebedayo, alibaki na nani?"

Nilirudi nyumbani na maswali mawili. Sikuyatua kwa wiki tano.

## Jibu langu lilikuwa la zamani

Nilidhani nimempa kijana jibu langu. Kumbe nilimpa la Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliyeandika mnamo mwaka 400 kazi nzima ya kuonyesha kwamba Injili nne hazipingani. Kuhusu wito huu alisema karibu yale yale niliyosema mimi: walimjua Yesu, wakarudi kuvua, wakaja kuacha yote baadaye. Kabla yake, mnamo mwaka 170, Tatiano wa Siria alikwenda mbali zaidi. Alizichukua Injili zote nne akazishona kuwa simulizi moja, na makanisa ya Kisiria yakaitumia kwa vizazi.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu si jibu la hovyo. Kwa Marko na Yohana linasimama. Marko anasema Yesu alikwenda Galilaya baada ya Yohana Mbatizaji kutiwa gerezani, na wito wa ziwani unafuata hapo. Katika Yohana, Mbatizaji bado yuko huru, anawaonyesha watu Mwana-kondoo wa Mungu kwa kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo mkutano wa Yordani unaweza kabisa kuwa wa kwanza.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimempachika Luka katikati, na Luka hakukaa.

## Luka hakukaa

Soma Luka sura ya 5 ukiwa umefunga zile nyingine. Mitumbwi miwili iko ufuoni. Wavuvi wametoka, wanaosha nyavu. Yesu anapanda wa Simoni, anafundisha akiwa ameketi humo, kisha anamwambia atweke mpaka kilindini. Samaki wanajaa hadi nyavu zinaanza kukatika. Simoni anaanguka magotini na kusema, "Ondoka kwangu." Yakobo na Yohana wapo kama washirika wake. Andrea hatajwi hata kwa jina, na Zebedayo anatajwa tu kama jina la ukoo.

Mwisho wanaviegesha vyombo pwani, wanaacha vyote, wanamfuata.

Katika Marko wanaacha nyavu na kumfuata. Nikijumlisha zote mbili kama nilivyomfundisha kijana, basi waliacha vyote, wakarudi kuvichukua, wakaviacha tena. Na ahadi ile ile ya kuvua watu ilitolewa mara mbili, ziwani pale pale, kwa Simoni yule yule.

Halafu kuna mkwewe Simoni. Katika Marko, homa yake inaponywa baada ya Simoni kuitwa. Katika Luka inaponywa katika sura iliyotangulia, kabla ya kuitwa. Hili halikunisumbua kama dosari. Lilinisumbua kwa sababu linabadilisha kila kitu kuhusu Simoni. Simoni wa Luka anampa nafasi kwenye mtumbwi mtu aliyekwisha kuingia nyumbani kwake na kumponya mama mkwe. Simoni wa Marko anaacha nyavu kwa ajili ya mpita njia.

Hao si Simoni mmoja katika saa mbili za siku moja.

Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya pili, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, alisema kwamba Marko aliandika kwa uangalifu yale aliyoyakumbuka kutoka kwa Petro, ila si kwa mpangilio. Niliposoma hilo nilipata nafuu kwa siku mbili. Kisha nikaona nafuu yenyewe ni ya kutaka mtu wa kumlaumu kwa kuchanganya mpangilio, na swali la kijana halikuwa la mpangilio. Aliuliza kama kuna aliyetuficha jambo.

Mwishoni mwa wiki ya pili nilifika mahali ambapo sikutaka kufundisha sura hizi tena. Ni bora niseme hivyo kuliko kujifanya kwamba nilikuwa nikitafiti kwa utulivu. Niliogopa kwamba nikivuta uzi huu, shati lote litafumuka.

## Kwenye mwalo

Aliyenitoa hapo ni yule mzee.

Nilikwenda kumwona asubuhi moja kwenye mwalo, ambako bado hushinda ingawa haingii tena majini. Nikamwamkia, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Kijana mmoja alikuwa mbele yetu anashona wavu: kaushika kwa kidole gumba cha mguu ili ukazwe, sindano ya mbao inaingia na kutoka, kila jicho lililochanika likifungwa fundo lake. Alifanya jicho moja, akalipima kwa vidole viwili, akalifungua, akalifunga upya.

Nikamsomea mzee zote, moja baada ya nyingine. Sikumweleza shida yangu.

Kwa Marko aliniuliza jarife ni nini, maana Biblia yetu ya Union inasema Simoni na Andrea walikuwa wakitupa jarife. Mimi nimekulia Tanga, nikamweleza: jarife ni wavu mrefu. Akatikisa kichwa. Watu wawili hawatupi wavu mrefu wakiwa wamesimama. Nikamwambia vitabu vya ufafanuzi vinasema neno la Kigiriki pale linahusu wavu wa duara wa kurusha, ule ambao sisi pwani tunauita kimia. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi wazee wa kwetu walivyokuwa wakiingia hadi magotini maji yakipwa, kimia kimekunjwa begani, wakikirusha kikafunguka hewani na kutua mara moja, chubwi zote zikigonga maji kwa pamoja.

"Basi huyo yuko katikati ya kazi," akasema.

Kisha Yakobo na Yohana, wanaotengeneza nyavu chomboni. "Hao wanajiandaa kutoka."

Kwa Luka alinyamaza muda mrefu.

"Wanaosha," akasema. "Ukiosha umemaliza. Umekesha, hukupata kitu, unaosha uchafu tu. Mtu anayeosha nyavu tupu hataki kuongea na mtu." Akanitazama. "Na huyu anamwambia azishushe tena. Unajua maana yake? Aoshe mara ya pili."

Nimeisikia sura hiyo ikihubiriwa tangu utotoni. Sijawahi kufikiri kuhusu kuosha mara ya pili. Simoni anaposema, "kwa neno lako nitazishusha nyavu", nilisikia imani tu. Sasa nasikia na mgongo unaouma.

Mzee hakuona mgongano wowote kati ya Marko na Luka, na sababu yake haikuwa ya kitheolojia. Kwake hizo ni saa tatu za kazi: kutega, kuosha, kushona. Mvuvi anaweza kuitwa katika saa yoyote kati ya hizo, na haiwi wito mmoja. Anayeitwa katikati ya kurusha anaacha kitu kinachokwenda vizuri. Anayeitwa wakati wa kuosha anaacha usiku uliomshinda, isipokuwa kwamba kwa Luka usiku uliomshinda unageuzwa kwanza kuwa shehena, ndipo anaambiwa aache. Anaacha siku aliyopata kuliko siku zote.

Nilimwambia pia kwamba ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 21 na upana wa 13, na kwamba wapo samaki humo wa jamii moja na sato wetu, ambao watalii huuziwa kwa jina la samaki wa Petro. Hilo la sato lilimfurahisha kuliko yote. Kuhusu ukubwa wa ziwa alisema, "Hilo tungelivuka kabla ya chai."

## Zebedayo

Kisha akarudi kwenye swali lake, na safari hii nilisikiliza.

Marko anaandika kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mathayo, anayesimulia tukio hilo hilo karibu kwa maneno yale yale, anasema waliacha chombo na baba yao. Watu wa mshahara hawapo. Luka na Yohana hawana habari za mzee huyo kuachwa.

"Watu wa mshahara," mzee akarudia. "Basi huyo ni tajiri." Kwetu hapa tajiri ni mwenye chombo, hata kama ana kimoja. Mwenye kuajiri hakosi mkono wa kusaidia kuvuta wavu. Kazi itaendelea kesho. Ila alikuwa na watoto wawili chomboni, sasa ana vibarua.

Mzee ana watoto wawili wa kiume. Wote wako mbali, na mtumbwi aliuuza. Sikumuuliza zaidi.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta Zebedayo kwenye Injili zote. Hasemi neno hata moja. Jina lake linatajwa tena na tena, lakini ni kwa ajili ya wanawe: wana wa Zebedayo hivi, wana wa Zebedayo vile. Mathayo anataja pia mama yao miongoni mwa wanawake waliomfuata Yesu kutoka Galilaya, waliokuwa wakitazama kwa mbali siku ya msalaba. Kwa hiyo mzee huyu alibaki ziwani bila watoto wake, na kwa muda fulani bila mke wake pia. Injili haisemi kama alilalamika au alibariki.

Mwaka 1986, ukame uliposhusha maji ya ziwa lile, ndugu wawili wavuvi waliona kwenye tope karibu na Ginosar mbao za chombo cha zama za Yesu hivi. Kilikuwa na urefu wa mita 8 na kidogo, upana wa mita 2.3, na kimetengenezwa kwa aina zaidi ya kumi za miti, viraka juu ya viraka. Hakuna anayejua kilikuwa cha nani, na sitaki kukihusisha na jina lolote. Ila nilipoona picha ya ule ubavu uliojaa viraka, nilimwona mtu anayerekebisha chombo chake mwaka baada ya mwaka kwa mbao yoyote anayopata, akitarajia kukirithisha.

Kijana aliuliza kama Marko alitufichia. Marko, mwenye Injili fupi kuliko zote, aliyeruka hata kuzaliwa kwa Yesu, ndiye pekee aliyewahesabu watu waliobaki chomboni na yule baba.

Na nilipozishona Injili pamoja, nilimfunika mimi.

## Saa kumi

Nilikuwa nimebakiza Yohana. Nilimwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyeanzisha taabu yote.

Katika Yohana hakuna anayeacha chochote. Yesu haiti kwanza. Watu wawili wanaanza kumfuata kwa kuwa wamesikia neno la mtu mwingine. Mmoja ni Andrea, wa pili hatajwi jina. Andrea anamtafuta ndugu yake Simoni. Filipo anamtafuta Nathanaeli, anayejibu kwa dharau kuhusu Nazareti na anakuja hata hivyo. Filipo tu ndiye anayeambiwa "Nifuate." Wengine wote wanaletwa na mtu wanayemfahamu.

Wale wawili wakiulizwa wanatafuta nini, wanajibu kwa swali ambalo mtu angeliona dogo mno: "Unakaa wapi?" Wanaambiwa waje waone. Wakaja, wakaona akaapo, wakakaa kwake siku ile, "nayo ilikuwa yapata saa kumi."

Saa kumi!

Tafsiri za lugha nyingine hulazimika kueleza hapa, maana msomaji wao akisikia saa ya kumi anafikiri ni asubuhi ya kazi. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Wayahudi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza kama tunavyohesabu sisi, na kila mtu kwenye ule mkeka alijua saa kumi ni saa gani: jua limepoa, kivuli kimerefuka, mgeni akifika saa hiyo unajua atakula kwako usiku. Yohana hatuambii walichozungumza. Anakumbuka saa.

Hapo ndipo niliacha kutafuta mahali pa kuupachika wito wa Yohana kwenye orodha yangu. Mtu anayekumbuka saa na kuacha maneno hajaribu kunipa ratiba. Marko ananipa mguu unaonyanyuka bila sababu. Sababu nilikuwa nikiiazima kwa Yohana na kumpa Marko mkononi, kwa kuwa sikuweza kuvumilia kuona watu wanaacha kazi kwa neno la mtu ambaye hawakupewa muda wa kumjua. Niliita hilo ufafanuzi. Kwa kweli nilikuwa nikipunguza makali.

Sijui kuzipatanisha Luka na Marko, na nimeacha kujifanya kwamba najua. Nimebaki na jambo moja la historia linalonipa ujasiri: katika karne ya tano Theodoreto, askofu wa Kiro kule Siria, alikuta zaidi ya nakala 200 za ile Injili moja iliyoshonwa na Tatiano, zikiheshimiwa makanisani mwake. Aliziondoa, akarudisha nne. Alikuwa nayo mkononi simulizi laini isiyo na mikwaruzo, na hakuichagua.

## Tuliporudi kwenye mkeka

Jumamosi ya tano niliomba nafasi kabla ya somo la siku. Nikamwambia kijana mbele ya wote kwamba nilimjibu haraka mno. Nikamwomba asome Marko peke yake, bila kuruka kwenda kwingine, na asimame kila anapotaka.

Alisoma polepole. Alisimama kwenye "watu wa mshahara".

"Hawa sikuwaona siku ile," akasema.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. "Hapo sasa," akasema. "Marko alimwona mzee."

Kijana akakaa kimya kidogo, halafu akarudi nyuma mistari miwili. "Lakini Simoni na Andrea. Imeandikwa mara wakaziacha nyavu. Kama walikuwa wametupa, nani alizivuta?"

Watu wakageuka kunitazama. Nikamtazama mzee.

"Kimia hakiachwi majini," mzee akasema, akilitumia neno la kwetu nililomfundisha kwenye mwalo. "Alikivuta kwanza."

"Lakini imeandikwa mara."

"Mara ya mvuvi," mzee akasema, akaanza kuonyesha kwa mikono miwili jinsi kamba inavyokusanywa, pete juu ya pete. Mama aliyesoma Marko mara ya kwanza akapinga: mara ni mara, ndiyo maana imeandikwa. Kijana akafungua Mathayo kuona kama na yeye ana neno hilo. Analo. Tukabaki hapo kwenye neno moja, wengine wakiwa upande wa mzee, wengine upande wa mama, mpaka mwenye nyumba akaja kuvichukua vikombe na kukuta chai yote imepoa.